Mbao za Mvule kwa Anayejijengea Nyumba

Anayejijengea nyumba Nyamasaria hupambana na mambo mawili: udongo mweusi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, na mchwa. Mvule huwastahimili mchwa, lakini ni kile kiini cha kahawia tu. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huliwa. Fundi asiyeiondoa anamwachia mwenye nyumba hasara.

Mbao mbichi nazo hupinda, na mlango ukakataa kufunga. Heri zinunuliwe kabla msingi haujachimbwa, zipangwe kivulini, vijiti katikati, hewa ipite. Miezi, si wiki! Mikeka ya mafunjo ya ziwani inafaa kwa dari, mradi paa halivuji. Mwenye mvule shambani aulizie kibali katika ofisi ya misitu kabla ya kuukata.