Kuiambia Mashine Ikuchoree Picha



Siku hizi ukiwa na simu yenye intaneti unaandika maneno, mashine inakuchorea picha. Wengi mmejaribu, mkaona shamba lililotokea si la kwetu. Sababu ni kwamba mashine hizi zilifundishwa kwa picha zenye maelezo. Mkusanyo mmoja wa mwaka 2022, LAION-5B, ulikuwa na picha zaidi ya bilioni 5, na zaidi ya bilioni 2 maelezo yake ni ya Kiingereza. Basi ukiandika "shamba" tu, usishangae kuletewa trekta na ghala la Marekani.

Tuseme kikundi kinataka picha ya kufundishia fanya juu. Jina peke yake halitoshi. Eleza kama unavyomweleza kibarua ambaye hajawahi kufika kwenu: shamba lina mteremko, mtaro umechimbwa kuukingama mteremko, udongo umerushwa upande wa juu ukawa tuta, juu ya tuta pana nepia, na katikati mahindi. Kisha sema mtazamaji amesimama wapi, na kama unataka mchoro wa kalamu au picha kama ya kamera.

Hapo msiwe na haraka! Mashine inaweza kurusha ule udongo upande wa chini, na picha ikapendeza kabisa. Mkiibandika ukutani watu watachimba hivyo hivyo, na hiyo ni fanya chini, kazi nyingine. Yule mzee anayejua kuchimba aikague kwanza.

Tena, taja unachotaka. Ukisema "pasiwe na trekta," wakati mwingine trekta ndiyo hiyo inakuja. Ikikosea, badilisha jambo moja, ujaribu tena. Na maandishi ya Kiswahili yatieni wenyewe baadaye, maana mashine inaweza kuharibu herufi.

Kwa video, kitendo kimoja tu. Veo 3 ya Google ilipotoka 2025, ilitoa kipande cha sekunde 8. Zinatosha mama kuinua sepetu na kurusha udongo juu, kamera imetulia. Kupanda hadi kuvuna hakuingii humo.

Linalonisumbua mimi ni ripoti za wafadhili. Picha ya mashine ikiwekwa humo kama shamba lenu, mgeni akija kuona, mtamwonyesha nini? Ya kufundishia iandikwe chini yake, "Imetengenezwa na mashine." Ya ripoti ipigwe shambani, hata kama magugu yanaonekana.