Breki Katika Nchi ya Vumbi: Matunzo ya Baiskeli za Milimani, Makole

Oktoba 1976, vijana wa Marin, California, walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi karibu na mlima Tamalpais. Baiskeli zao zilikuwa kuukuu na nzito, na breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma: mtu anarudisha pedeli, gurudumu linashika. Walipofika chini, grisi ilikuwa imeungua inafuka moshi, na habu ikabidi ifunguliwe na kujazwa grisi mpya kabla ya safari nyingine. Kutoka kwenye miteremko ile ndipo ikaja baiskeli ya milimani inayojulikana leo. Tangu siku ya kwanza tatizo lake kubwa lilikuwa kusimama.

Dodoma tatizo hilo lina sura yake. Uwanda uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua, isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi. Vitabu vya matunzo vilivyoandikwa Ulaya huonya kuhusu tope na kutu. Anayetoka Makole, kata ya mjini Dodoma, kwenda kilima cha Mlimwa au vilima vya Ntyuka anapambana na mchanga uliomeguka kwenye miamba ya matale. Ndani yake mna chembe za kwazi (quartz), ambazo ni ngumu kuliko aluminiamu ya ringi na kuliko chuma cha kawaida. Hoja ya mada hii ni kwamba huku breki isisubiri kuharibika ndipo ipelekwe kwa fundi. Isafishwe kwa kufuata vumbi, wakati bado inashika vizuri.

Kwanza mzigo. Mwendeshaji na baiskeli yake, jumla kilo 90, wakishuka mita 100 za wima kwa mwendo usiobadilika, breki hubeba sehemu kubwa ya nishati ya kilojuli 88 hivi. Wakiongezwa madumu manne ya maji ya lita 20, jumla inafika kilo 170 na nishati inakaribia kilojuli 167, joto la kutosha kuchemsha nusu lita ya maji kutoka nyuzi 25. Joto hilo lazima lipite kwenye vipande vya mpira vyenye upana wa kidole, au kwenye diski nyembamba. Ndiyo maana mwenye mzigo asishikilie breki moja mfululizo tangu kileleni: apunguze mwendo mapema, aachie, ashike tena. Breki ya mbele aitumie kwa kiasi bila kuiogopa, kwa sababu baiskeli inapopunguza mwendo uzito huhamia mbele na gurudumu la nyuma huanza kuteleza.

Phoenix na Avon zenye breki za fito bado zinafanya kazi kubwa mkoani. Mipira yake hubana ringi upande wa ndani, unaoelekea habu. Ringi ya chuma ikilowa, mshiko hushuka sana, kwa hiyo mvua za kwanza za Desemba ndizo za kuangaliwa. Ringi ya aluminiamu hushika vizuri zaidi ikiwa na maji, lakini huliwa haraka.

Hapa fundi achukue mpira wa breki mkononi na kuutazama kwenye mwanga. Baada ya wiki chache za barabara ya vumbi, uso wake huwa unang'aa, na ndani yake mmejichomeka chembe za mchanga na vipande vyeupe vya aluminiamu. Kila breki inaposhikwa, vipande hivyo huchonga ringi kama tupa. Ving'olewe kwa ncha ya kisu, uso usuguliwe kwa msasa uliolazwa mahali tambarare, na ringi ipanguswe kwa spiriti. Kisha fundi apitishe kidole gumba ubavuni mwa ringi. Akihisi bonde, ukuta umeshaliwa, na ringi ya namna hiyo inaweza kupasuka kwa nguvu za upepo wa tairi. Wakati wa kufunga mpira, kipande cha boksi chenye unene wa milimita moja kikiwekwa kwenye ncha yake ya nyuma kitafanya ncha ya mbele iguse kwanza, na kelele zitapungua.

Waya unastahili uangalifu kuliko unavyopewa. Kava la waya wa breki limesokotwa kwa chuma kilichozungushwa kama springi, na kava la gia lina nyuzi zilizonyooka kwa urefu. Kwa macho yanafanana, hata dukani huchanganywa. La gia likifungwa kwenye breki, linaweza kupasuka mtu anapobana kwa nguvu zote, yaani sekunde ile ile anayoihitaji breki. Fundi achungulie ncha iliyokatwa kabla ya kulipia.

Diski zimeleta mambo mapya. Za waya mafundi wengi wanazimudu. Za mafuta zina masharti. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Aina nyingine, zikiwemo nyingi za SRAM, hutumia DOT, ile inayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari. Mafuta haya yakichanganywa, mipira ya ndani huvimba na breki inakufa. Halafu kuna ile desturi ya kupindua baiskeli, ikasimama kwa kiti na usukani. Kwa breki ya mafuta, hewa iliyo juu ya tangi dogo la kwenye hendeli inaweza kuingia kwenye bomba, na hendeli ikalegea. Ikitokea, baiskeli isimamishwe wima na hendeli ibanwe mara kadhaa. Ikibaki laini, hewa itolewe. Gurudumu likiwa limetolewa, hendeli isiguswe hata kidogo. Diski za Shimano zenye unene wa milimita 1.8 hubadilishwa zikifika 1.5, na pedi zikibakiza nusu milimita. Tone la oili kwenye diski husafishwa kwa spiriti, lakini pedi iliyokunywa oili mara nyingi hairudi.

Oili chafu ya injini, inayopakwa cheni kwa kuwa inapatikana bure, inaingia hapa pia. Ikirushwa na gurudumu hufika kwenye breki, na ikibaki kwenye cheni hushika mchanga na kuisaga. Cheni ipakwe oili nyembamba kidogo, kisha ipanguswe hadi nje ikauke. Vipingili 24, kutoka pini hadi pini, viwe na urefu wa milimita 304.8; vikizidi 306.5, inunuliwe nyingine kabla haijala friwili.

Kwa mwendeshaji wa Dodoma anayenunua leo, mada hii inapendekeza breki za waya, ziwe za ringi au za diski. Zinashika vya kutosha, na vifaa vyake vinapatikana bila kuagiza kutoka Dar es Salaam. Anayekwenda mbali, kuelekea Hombolo au Kondoa, afunge mfukoni waya mmoja mrefu wa breki ya nyuma, ambao hukatwa ukatosha mbele pia, pea ya mipira au pedi, kitambaa kikavu na spana ya kulegeza waya.