Ramani Juu ya Baiskeli: Namna ya Kuichukua na Kuisoma Safarini



Ramani na baiskeli hazikuzaliwa rafiki. Ramani yataka mtu aliyetulia mezani, mwenye mikono miwili mitupu. Na baiskeli yaitaka mikono hiyo hiyo, pamoja na macho yatazamayo mbele. Mtu aendaye kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa hupita zaidi ya mita 4 katika kila sekunde. Akiinamisha kichwa kwa sekunde tatu tu, akitafuta jina la kijiji, amekwisha kwenda mita 12 kama kipofu. Na ndani ya mita 12 za barabara ya changarawe mna nafasi ya kutosha ya shimo, ya mbuzi, na ya mtoto atokaye shuleni. Basi mazungumzo haya ni juu ya kuitengeneza ramani kabla ya safari, hata njiani iweze kutazamwe kama saa, isisomwe kama barua.

Hebu mfikirieni mhudumu mmoja wa afya katika nchi ya Murang'a. Kwenye keria ya baiskeli yake amefunga kasha la chanjo lenye vipande vya barafu, na chanjo hizo hazina budi kukaa kati ya digrii 2 na 8 za joto, ama sivyo zitaharibika. Anatoka zahanati iliyo juu ya mgongo mmoja wa kilima, na kina mama wenye watoto wanamngoja katika kijiji kilicho juu ya mgongo mwingine. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambayo kila sentimita 2 ni kilomita moja ya nchi, anaweka rula na kuona sentimita 12. Kilomita 6! Mwendo wa dakika 25, anasema moyoni, naye anakunywa chai kikombe cha pili.

Kosa lake si la hesabu. Amepima karatasi, hakuisoma. Nchi ya Murang'a imeteremka kutoka milima ya Nyandarua, na mito yake, kama vile Mathioya, Maragua, Thika na Chania, yashuka kuelekea mashariki mpaka maji yake yaingie katika mto Tana. Kila mto na kila kijito kimejichimbia bonde lake, na kati ya bonde na bonde umesimama mgongo mrefu. Aendaye pamoja na mgongo huenda kwa raha. Aendaye kwa kuikata migongo hushuka na kupanda siku nzima. Jambo hilo limeandikwa wazi katika ramani kwa ile mistari myembamba ya kahawia iitwayo kontua. Mstari mmoja waunganisha mahali pote palipo sawa kwa kimo. Mistari ikiachana, nchi ni tambarare. Ikibanana kama meno ya kitana, hapo pana mteremko mkali. Tofauti ya kimo kati ya mstari na mstari huandikwa pembezoni mwa karatasi, nayo haifai kukisiwa, maana katika karatasi nyingi ni mita 20, na katika nyingine za zamani ni futi 50.

Sasa mhudumu ahesabu tena. Njia yake ya kilomita 6 inavuka vijito vitatu. Kufikia kila kijito inakata mistari mitano ya mita 20, yaani mita 100 kwenda chini. Na baada ya kuvuka, mita 100 nyingine kwenda juu. Kwa mabonde matatu amepandisha mzigo wake mita 300, sehemu kubwa akiwa anasukuma baiskeli kwa miguu. Hapo tena si dakika 25. Akitazama upande wa chini wa ramani ataona kwamba vile vijito vitatu vimekutana na kuwa mto mmoja, na penye mto huo pana daraja. Njia ya huko ni ndefu maradufu, lakini inafuata mgongo kwa kuteremka polepole, inavuka bonde moja tu, kisha inapanda mgongo wa pili kidogo kidogo, naye akiwa bado juu ya tandiko. Ipi ni bora? Yategemea nguvu ya miguu yake na hali ya barabara. Lakini sasa anachagua akijua, na anajua pia kwamba kikombe cha pili cha chai hakina nafasi.

Kazi hiyo yote ni ya jioni, kando ya taa. Ya asubuhi ni kuichukua ramani yenyewe. Karatasi moja ya kipimo hicho ina ukubwa wa karibu sentimita 55 kila upande, mbali na pembezo zake. Ikifunguliwa penye upepo huwa tanga la jahazi, na anayeishika ndiye nahodha asiye na usukani. Yafaa kwanza ikunjwe katikati kwa urefu, picha ikikaa nje, kisha ikunjwe kwa zamu huku na huko kama mikunjo ya kodiani. Kwa njia hii kila sehemu ya safari hufunuliwa kama ukurasa wa kitabu, bila kuifungua karatasi nzima. Mikunjo ndiyo ipasukayo kwanza, tena kwa desturi hupasuka pale penye njia panda inayotafutwa. Watu wa zamani walikuwa na dawa yake: waliikata ramani vipande kwa kufuata mikunjo, wakavibandika vipande hivyo juu ya kitambaa, wakiacha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, hata kilichokunjika kikawa kitambaa na si karatasi. Kipande cha merikani na gundi ya unga wa ngano vyatosha kwa kazi hiyo hata leo.

Mahali pa kuiweka ni pale macho yanapofika bila shingo kuinama sana, yaani juu ya usukani. Ubao mwembamba wa plaiwudi, wenye ukubwa wa daftari la shule, hufungwa hapo kwa vipande vya tyubu kuukuu, vile ambavyo mafundi huviita blada, navyo hushika kuliko kamba kwa sababu havilegei barabara inapotikisa. Ramani hubanwa juu ya ubao kwa vibanio viwili vya nguo, ikiwa ndani ya jalada la plastiki liangazalo, kama lile ambalo watu hutilia vyeti vyao. Mdomo wa jalada uelekee kwa mpandaji, maana mvua humjia kutoka mbele. Ubao usizuie waya za breki, wala kengele, wala taa. Wako waichukuao ramani chini ya shati, nao hufika na kitambaa cha jasho chenye rangi tatu. Wako pia waishikao mkononi huku wakienda. Mkono ulioshika ramani haushiki breki, na juu ya hao hakuna la kuongeza.

Ikisha kubanwa, ramani haina budi kuelekea kama nchi inavyoelekea. Kilicho mbele ya gurudumu kiwe juu ya ubao, hata ikiwa maandishi yamesimama kichwa chini. Wengi hukataa jambo hili kwa kuwa wamefundishwa shuleni kwamba kaskazini ni juu. Kisha hufika njia panda, wakielekea kusini, wakapinda kulia pale walipopaswa kupinda kushoto. Washindani wa mchezo wa kutafuta njia kwa baiskeli, ambao mashindano yao ya kwanza ya dunia yalifanyika Ufaransa mwaka 2002, hutumia ubao uzungukao juu ya usukani, hata kila wapindapo waizungushe ramani kwa kidole. Asiye na ubao wa namna hiyo atashuka, aigeuze karatasi, aibane upya. Atumie kibanio kimoja kuonyesha mahali alipo, na kila asimamapo akisogeze. Jicho likirudi kwenye karatasi halitaanza tena kuitafuta nchi yote.

Iko njia nyepesi zaidi kwa mtu ambaye safari yake ni moja. Akate kipande cha kadi, achore juu yake barabara yake peke yake, kama mstari utokao chini kwenda juu, atie njia panda, madaraja, makanisa, misikiti na masoko, na kilomita kati ya kimoja na cha pili. Vingine vyote aviache. Ramani za namna hiyo zina umri mkubwa. Mwaka 1675 John Ogilby alichapisha huko London kitabu kiitwacho Britannia, chenye kurasa 100 za barabara za Uingereza na Wales, kila barabara imechorwa kama utepe unaopanda kutoka chini ya ukurasa. Na kwa kuwa barabara hupinda ila utepe haupindi, alitia picha ya dira katika kila utepe, msafiri ajue kaskazini imehamia wapi. Hasara ya kadi ni moja: mtu akipotea, kadi haina habari tena. Kwa hiyo ramani kamili na ikae ndani ya mfuko.

Juu ya dira, neno moja lasahauliwa. Baiskeli ni chuma, na chuma huivuta sindano. Anayetaka kuitazama dira na aiegemeze baiskeli kwenye mti, aende hatua kadhaa mbali nayo, ndipo aamini anachokiona. Katika Kenya tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli ni ndogo sana, kiasi cha digrii moja hivi, wala mpanda baiskeli hana haja ya kuihesabu. Jua nalo husaidia asubuhi na jioni. Saa sita mchana huwa karibu utosini, na kivuli chake huweza kudanganya: mwezi wa Juni jua huegemea kaskazini, mwezi wa Desemba kusini.

Watu wengi siku hizi wana ramani ndani ya simu, na hiyo ni neema. Simu hupata habari ya mahali ilipo kutoka setelaiti hata pasipo na mtandao. Lakini picha ya ramani yenyewe lazima iwe imepakuliwa mapema, ama mtu ataona alama ya bluu katikati ya weupe mtupu. Kioo kikiwaka muda wote betri huisha kabla ya safari, na matone ya mvua hukigusa kama vidole. Afadhali simu ikae mfukoni, itazamwe kwenye vituo.

Tena kuna ramani isiyochapwa, nayo ni watu wakaao kando ya njia. Ramani ina tarehe yake pembezoni, na baada ya tarehe hiyo haijui kitu. Katika nchi tambarare ya Kano, kati ya Kisumu na Ahero, hakuna kontua za kumtisha mtu, na mgeni aliyezoea vilima hufurahi. Lakini mto Nyando ukifurika wakati wa mvua, njia ndogo iliyochorwa vizuri kwenye karatasi huwa maji, na ajuaye ni yule mzee mwenye ng'ombe. Lakini pana namna ya kuuliza. Anayesema, "Shikamoo mzee, njia hii yaenda sokoni?" atajibiwa, "Marahaba, ndiyo," kwa sababu ya adabu, na kwa sababu kila njia mwishowe yafika sokoni. Aulize, "Sokoni huendwa kwa njia ipi, na daraja li zima?" Wala asiulize ni mbali kiasi gani. Jibu ni "hapo mbele tu," na "hapo mbele tu" haina kipimo.

Kusimama nako kuna utaratibu. Asisimame penye kona, wala chini ya mteremko ambapo lori huja kwa kasi, bali atoke kabisa barabarani, baiskeli na mzigo pia. Asimame kabla ya kila njia panda, si baada yake. Maana aliyekwisha kuteremka bonde lisilo lake atalilipa kwa kulipanda.

Mhudumu wa Murang'a amefika, barafu ikiwa bado ngumu. Alipokuwa akirudi alipita njia fupi, kasha likiwa tupu, akakuta daraja la miti kwenye kijito cha pili limechukuliwa na maji. Akashuka, akatoa penseli, akaandika msalaba mdogo mahali hapo na tarehe kando yake. Waendao kwa baiskeli huko Uingereza walifanya hivyo hivyo: wanachama wa Cyclists' Touring Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1878, walipeleka masahihisho ya barabara kwa wachapaji ramani wa Bartholomew huko Edinburgh, nayo yakatiwa katika ramani zilizochapwa baadaye. Jioni ile ramani ilikuwa imelowa upande mmoja. Aliitoa ndani ya jalada, akaitandaza chini ya godoro ikauke bila kujikunja, kisha asubuhi akaitundika ukutani mwa zahanati, mhudumu mwenzake wa zamu auone ule msalaba kabla hajafunga kasha kwenye keria.