Mazoezi ya Kila Siku kwa Kila Mwanafunzi: Hoja ya Kurudisha Mchakamchaka

Mada kwa walimu wakuu na walimu wa michezo wa shule za msingi zinazozunguka Bandari ya Mtwara

Fasili tunazijua, nitazipitia kwa haraka. Mazoezi ya mwili ni kila mjongeo unaotumia nguvu: kutembea, kulima, kucheza rede, kukimbia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku. Takwimu za shirika hilo za mwaka 2016 zilionesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho, na wasichana wako nyuma ya wavulana. Faida kwa moyo, mifupa na usingizi hazina mbishi humu ukumbini. Niingie kwenye jambo ambalo tumelijadili miaka mingi bila kulimaliza.

Jambo lenyewe ni kwamba shuleni kwetu michezo imegeuka kuwa timu ya shule. Mwaka 2021 Mtwara ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, na mkoa ulijivunia kwa haki. Mashindano haya yanaibua vipaji na yanakutanisha watoto wa mikoa yote. Mada hii haipendekezi yaguswe. Lakini tuangalie yanavyoandaliwa huku chini. Mipira ni mmoja au miwili, mwalimu wa michezo ni mmoja, watoto ni mamia. Mwalimu anachagua wa soka, wa netiboli na wa riadha, anabaki nao. Wengine wanasimama pembeni kushangilia, au wanapewa mafagio. Mchujo wa kata unawapunguza, wa halmashauri unawapunguza tena, na timu ya mkoa ikishapatikana mipira inafungiwa ofisini hadi mwakani. Mtoto mnene, mtoto asiye na kasi, msichana anayeona haya kukimbia mbele ya wavulana: hao ndio wanaohitaji mazoezi kuliko wote, na ndio wanaotolewa kwanza. Halafu tunaandika kwenye taarifa kwamba shule imeshiriki michezo. Tumehesabu jezi, watoto hatukuwahesabu.

Kinachosikitisha zaidi, yule asiyechaguliwa anakutana na mazoezi kwa njia ya adhabu. Amechelewa, aruke kichurachura. Amepiga kelele, azunguke uwanja huku wenzake wakimcheka. Akifika darasa la saba anatafuta kila sababu ya kukwepa kipindi cha michezo, nasi tunamwita mvivu, ilhali sisi ndio tuliomzoesha kuona kukimbia ni fedheha. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo, na ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo vipindi vya wiki havitoshi kuwa mazoezi ya kila siku, na mtihani ukikaribia kipindi hicho ndicho cha kwanza kuazimwa na Hisabati. Hakirudishwi.

Dawa tunayo, tuliiacha wenyewe. Mwaka 2012 shule ya msingi ya St Ninians, mjini Stirling huko Uskoti, ilianza kuwatoa watoto dakika 15 kila siku, wakimbie au watembee kuzunguka shule kwa nguo zao za kawaida, bila vifaa na bila mshindi. Mpango huo umeenea nchi nyingi. Aliyesoma Tanzania miaka ya 1970 hawezi kuuona mgeni: ni mchakamchaka uliokosa nyimbo.

Yapo mapingamizi, na yana uzito. Inasemwa kwamba watoto wetu wanatembea na kuchota maji, wanatosheka. Kwa mtoto wa kijijini, Kilambo au Msimbati, huenda ni kweli, maana mwongozo wenyewe unahesabu kazi na mwendo. Mtoto wa mjini, Shangani, anayeletwa kwa bajaji na kurudishwa kwenye televisheni hayumo katika hesabu hiyo. Inasemwa pia kwamba masomo yataumia. Mwaka 2010 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilipitia tafiti 50 kuhusu mazoezi shuleni na ufaulu: zaidi kidogo ya nusu ya matokeo yalikuwa ya manufaa, karibu yote yaliyobaki hayakuonesha tofauti, na ya hasara yalikuwa asilimia 1.5 tu. Wengine wanataja madrasa ya alasiri, na wana haki. Ndiyo maana napendekeza asubuhi, kabla jua la pwani halijawa kali. Kuhusu hatari ya malori ya makaa ya mawe na korosho yanayoelekea bandarini, jibu ni kutotoka getini. Pingamizi la njaa ndilo gumu. Mtoto aliyekuja bila kunywa chai asilazimishwe kukimbia. Atembee, na kamati ya shule iusukume mpango wa uji kwa nguvu ileile inayotumika kusaka fedha za jezi.

Napendekeza basi, kwa heshima ya mamlaka zilizopo, kila shule itenge dakika 15 za mchakamchaka kabla ya paredi, ndani ya eneo la shule, kwa watoto wote na walimu wa zamu pamoja nao. Nyimbo ziongozwe na viranja wa kike na wa kiume kwa zamu. Pasiwe na mshindi wala wa mwisho. Mwenye ulemavu apangiwe mjongeo wake, asikae pembeni. Wasichana waruhusiwe suruali ya michezo chini ya sketi, na hijabu isiwe kikwazo. Kichurachura na kuzungushwa uwanja kama adhabu vikome, kwa tangazo la mwalimu mkuu mbele ya watoto. Mipira itolewe ofisini mwaka mzima, na kamba za kuruka ziongezwe, kwa kuwa ni rahisi kupatikana kuliko mipira. Kipindi cha Sanaa na Michezo kikiazimwa, kirudishwe wiki hiyohiyo, na mwalimu wa taaluma aweke sahihi. Nasisitiza tena kwamba timu ya shule iendelee, ila mazoezi yake yasichukue nafasi ya mazoezi ya wote. Na halmashauri, katika fomu yake ya taarifa ya michezo, iongeze swali moja juu ya yale ya vikombe na medali: leo asubuhi wamekimbia watoto wangapi kati ya waliohudhuria?