Pumba Tunazoziacha Mashineni: Mlo wa Kila Siku na Afya ya Utumbo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na akina mama mnaopika shuleni,

Nilipokuwa naandaa mada hii nilikwenda kwenye mashine ya kusaga jirani na soko, nikakaa na wateja kwenye benchi tangu asubuhi. Alikuja mama mmoja na debe la mahindi. Akalipia kukoboa, kisha akalipia kusaga. Mahindi yalipopita kwenye kinu cha kukoboa, pumba zilimwagika pembeni, laini, za rangi ya dhahabu, zikaanza kujaza kiroba. Kijana wa mashine akamuuliza kama atazibeba. "Bakini nazo, mwanangu, mimi sifugi." Akaondoka na sembe nyeupe pe. Kabla ya adhuhuri kiroba kile kilikuwa kimeshanunuliwa na mfugaji wa nguruwe.

Simlaumu mama yule. Nyumbani kwangu nasi tulikula sembe miaka mingi, na mgeni akija tukiwa na dona tuliona haya kumwekea mezani. Lakini tazameni kilichotokea: mama amelipa mara mbili, na mara ya kwanza alilipa ili apunguziwe chakula. Nitakayoyasema leo yanahusu kile kilichobaki kwenye kiroba.

Walaji tusiowaona

Chakula tunachomeza hupita tumboni, kikaingia kwenye utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Humo ndimo sehemu kubwa ya wanga, protini na mafuta inapofyonzwa na kuingia mwilini. Wengi wetu tulifundishwa kwamba kinachobaki baada ya hapo ni makapi tu yanayosubiri kutoka. Sivyo. Mbele yake kuna utumbo mpana, wenye urefu wa mita moja na nusu tu, na humo wanaishi bakteria kwa matrilioni. Chakula chao ni kile ambacho sisi hatuwezi kukimeng'enya: nyuzinyuzi za ganda la nafaka, za maharage, kunde na choroko, za mchicha, matembele na kisamvu, za embe na chungwa lililoliwa pamoja na nyama zake.

Bakteria hao huzichachusha nyuzinyuzi, na katika kuchachusha hutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo huitwa butireti, na ndiyo chakula kikuu cha seli zinazojenga ukuta wa utumbo mpana. Seli zikishiba, ukuta unakaa imara na kinga ya mwili inatulia. Bakteria wakikosa nyuzinyuzi, hawakai bure. Katika panya wa maabara imeonekana kwamba baadhi yao hugeukia ute unaoulinda ukuta wa utumbo, wakaanza kuula huo.

Ndiyo maana nasema kila sahani tunayoipakua ina walaji wa aina mbili, mwenye sahani na hao wa ndani. Sembe kwa nyama ya kukaanga na soda humshibisha wa kwanza na kuwalaza njaa wa pili.

Dalili za kwanza mnazijua bila mimi kuzitaja: choo kigumu, kukaa siku tatu bila kwenda haja, bawasiri, tumbo kujaa. Mara nyingi watoto hawasemi. Mwalimu ataona tu mtoto hatulii darasani, anashika tumbo. Na tumbo na akili havikai mbali. Waswahili tukiwa na wasiwasi husema tuko tumbo joto, na kweli upo mshipa mkuu wa fahamu unaounganisha ubongo na matumbo, habari zikipita juu na chini muda wote.

Yaliyoonekana Mulago na Kilimanjaro

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kwa miaka mingi, ikiwemo katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Alishangaa kwamba magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na bawasiri, alikuwa akiyaona kwa nadra miongoni mwa watu wa vijijini Uganda. Yeye na wenzake wakaanza kupima jambo ambalo wengi huona aibu hata kulitaja: uzito wa choo, na muda ambao chakula huchukua tangu kinywani hadi kutoka. Waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na choo kikubwa na laini, na chakula kilipita upesi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1972. Si kila alichokifikiria Burkitt kimesimama hadi leo, lakini hoja yake kuu juu ya nyuzinyuzi na utumbo mpana imesimama.

Mwaka 2015 ulitoka utafiti mwingine. Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana mlo kwa wiki mbili. Wamarekani walipewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, Waafrika Kusini wakapewa cha Kimarekani. Katika wiki hizo mbili tu dalili za hatari ya saratani kwenye ukuta wa utumbo zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa Waafrika Kusini.

Lakini utafiti ninaotaka tuubebe moyoni ni wa hapa kwetu, mkoani Kilimanjaro, uliofanywa na watafiti wa Moshi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Ulichapishwa mwaka 2025, na ulihusu wanaume 77 wenye afya njema, wa vijijini na wa mjini. Waliozoea vyakula vya asili, yaani mboga, mikunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye vyakula vya kizungu vilivyosindikwa. Waliozoea hivyo vya kizungu wakarudishwa kwenye vya asili. Kundi la tatu likanywa mbege, kinywaji cha asili kilichochachushwa, kwa wiki moja. Waliokiacha chakula cha asili, damu yao ilionyesha kinga ya mwili imeanza kuwaka kana kwamba kuna adui, na uwezo wake wa kupambana na vimelea ukapungua. Waliorudi kwenye asili, moto huo ulipungua, na vivyo hivyo kwa wanywaji wa mbege. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Nimeisoma taarifa ile zaidi ya mara moja, na kila mara namkumbuka bibi yangu na chungu chake cha ndizi na maharage, ambacho sisi wajukuu tuliotoka mjini tulikiona chakula cha shida.

Kuhusu mbege niseme wazi: ni pombe, si ya watoto, na hakuna anayeshauriwa kuanza kuinywa kwa ajili ya dawa. Kilicho muhimu kwetu ni ule uchachu. Togwa tunayo, na mtindi tunao. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na mwenzake Ulf Svanberg walichapisha utafiti wa hapa Tanzania ulioonyesha kuwa watoto wadogo waliolishwa uji wa nafaka uliochachushwa walipata kuhara mara chache kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Bibi zetu walikuwa wakiuacha uji ulale na kimea cha ulezi. Sasa tunauongezea sukari vijiko vitano na kuuita wa lishe.

Jikoni kwetu

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 6 hadi 9 apate angalau gramu 21 za nyuzinyuzi kwa siku, na kuanzia miaka 10 kwenda juu gramu 25. Gramu hizo hazihitaji kitu cha kutoka ng'ambo. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 13 hivi. Makande tuliyoyalalamikia tukiwa wanafunzi, yakipikwa kwa mahindi yasiyokobolewa na maharage ya kutosha, ni mlo mzuri kuliko wali mweupe wa sherehe. Kiporo nacho kina heshima yake. Wanga wa ugali, viazi au wali ukishapoa, sehemu yake hugeuka ikawa ngumu kumeng'enywa, nayo ikawafikia bakteria kule chini. Ila kiporo kifunikwe mapema, kisilale kwenye joto, na kipashwe hadi kitoe mvuke.

Msibadilishe kila kitu siku moja. Tumbo lisilozoea maharage litajaa gesi, na watoto watasema chakula kipya kinawaumiza. Anzeni kidogo kidogo, lowekeni maharage usiku kucha, mwageni maji yale, na watoto wanywe maji ya kutosha, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji huzidisha choo kigumu.

Hapa lazima niseme la hatari, maana nisingependa mtu aondoke akaagize dona bila kulijua. Sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha hindi, na haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Dona nzuri inaanzia kwenye ukaushaji. Chukueni chupa kavu, tieni mahindi kiasi na chumvi kavu, tikiseni, kisha mwache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado yana unyevu, yarudishwe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Yaliyooza, yaliyopasuka na yenye ukungu yachambuliwe yatupwe. Kuku na nguruwe wasipewe pia.

Jambo moja nje ya sufuria. Kwa vidonda vya tumbo tunasingizia njaa, maharage na pilipili. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu, kama diklofenaki, tunazomeza kila mgongo ukiuma. Na antibayotiki za nusu dozi zinazonunuliwa bila cheti huwaua pia bakteria wema niliowaeleza. Mwenye kuona damu chooni, kupungua uzito bila sababu au chakula kukwama kooni, asingoje mabadiliko ya mlo, aende hospitali.

Akina mama, ninyi ndio mnaoshika mwiko. Walimu, ninyi ndio mnaokubaliana bei na mwenye mashine kabla ya muhula kuanza. Safari hii mkienda, bebeni chupa na chumvi, pimeni mahindi yenu. Yakiwa makavu, mwambieni asikoboe, asage tu. Mtalipa mara moja badala ya mbili, na pesa itakayobaki inunue mchicha.