Mji Uliofilisika na Kura ya Kodi



Leo nataka kuwaeleza habari za mji mmoja wa Marekani uitwao Stockton, ambao mwaka 2013 watu wake waliitwa kupiga kura ili waamue kama watajiongezea kodi wao wenyewe. Najua wengi wenu mtacheka, maana ni nani aliyewahi kuulizwa kama anapenda kulipa kodi? Hapa Kenya kodi inayotozwa juu ya bidhaa ni ya Serikali kuu. Kaunti, kwa Katiba ya mwaka 2010, zimeachiwa kodi za ardhi na majumba, kodi za burudani, na ada za namna nyingine kama ile anayotozwa mama muuza mboga asubuhi kabla hajafungua gunia lake. Lakini katika jimbo la California, Baraza la Mji haliwezi kuongeza kodi pasipo kupata kibali cha wenye mji kwa kura. Sheria hiyo wananchi waliipitisha wenyewe mwaka 1996.

Stockton ni mji wa watu wapatao laki 3, katika bonde lenye mashamba makubwa. Una bandari ijapokuwa uko mbali na bahari, kwa sababu meli hupanda mtoni mpaka hapo. Siku za neema majumba yalijengwa kwa wingi, na watu wakayanunua kwa mikopo ya benki. Baraza nalo likaona fedha zinaingia, likajenga jumba kubwa la michezo, likakopa fedha nyingi, tena likawaahidi watumishi wake matibabu ya bure hata baada ya kustaafu. Kisha, tangu mwaka 2007, bei za nyumba zikaanguka. Waliokopa wakashindwa kulipa, benki zikatwaa nyumba, na mapato ya mji yakapungua sana.

Baraza likapunguza watumishi. Askari polisi walipungua kwa karibu robo, na wazima moto pia wakapungua. Mwaka 1 tu, yaani 2012, watu 71 waliuawa katika mji huo, idadi ambayo haijapata kuonekana kwao kabla ya hapo. Mwaka huo huo, tarehe 28 Juni, Baraza likaenda mahakamani kutangaza kwamba limefilisika. Wakati huo hapakuwa na mji wa Marekani wenye watu wengi kama Stockton uliowahi kufanya hivyo; mwaka uliofuata Detroit ikaupita.

Huenda mtu akauliza, mbona hawakuongeza kodi ya majumba, wakatozwa wenye mali? Hawakuweza. Mwaka 1978 watu wa California walipiga kura kuifunga kodi hiyo isizidi asilimia 1 ya thamani ya mali. Tangu hapo miji mingi imetegemea sana senti zinazotoka madukani.

Basi Baraza likaomba robo 3 za senti juu ya kila dola. Kodi ya mauzo ilikuwa asilimia 8.25, nalo likataka iwe 9. Mtu akinunua viatu vya dola 40, ataongeza senti 30. Vyakula vya kupikwa nyumbani havitozwi kodi hiyo, wala dawa alizoandikiwa mgonjwa na daktari. Hata hivyo mzigo haukuwa sawa. Maskini hutumia karibu kila anachopata, na tajiri huweka akiba. Kwa hiyo kodi ya dukani humwuma zaidi mwenye kipato kidogo. Lakini maskini ndiye pia asiyeweza kuajiri mlinzi wake mwenyewe polisi wasipofika.

Sasa nafika penye ugumu wa jambo lenyewe. Sheria ya California hutenga kodi za namna mbili. Kodi ikifungwa kwa kazi maalumu, kama polisi, lazima ikubaliwe na theluthi 2 za wapiga kura. Ikiwa ni kodi ya jumla, inayoingia katika mfuko wa Baraza na kutumika kama Baraza lipendavyo, yatosha zaidi ya nusu. Baraza la Stockton liliweka maswali 2 katika kura moja. La kwanza liliomba kodi ya jumla. La pili liliuliza kama watu wanashauri asilimia 65 za fedha hizo zitumike kupambana na uhalifu, na 35 ziutoe mji katika kufilisika. Lakini jibu la swali la pili lilikuwa shauri tu, halikulifunga Baraza kisheria.

Waliopinga walisema kwamba fedha zitamezwa na wadai, na polisi hawataonekana. Mimi siwalaumu. Mwaka 2004 mji huo huo uliomba robo ya senti kwa ajili ya polisi na wazima moto, ukapata theluthi 2 zake wazi wazi. Safari hii Baraza lilichagua njia nyepesi kwa kuwa liliogopa kushindwa, na huenda lilikuwa na haki kuogopa: tarehe 5 Novemba 2013 waliokubali walizidi nusu kidogo tu. Kwa kipimo cha theluthi 2 kodi ingalianguka.

Kodi ilianza kutozwa Aprili 2014. Wako wanaosema ndiyo iliyopunguza mauaji, lakini tarehe hazikubaliani nao. Mwaka 2013 waliouawa walikuwa 32, na wakati huo hakuna senti hata 1 iliyokuwa imekusanywa. Mwaka 2014 wakaongezeka tena. Ambalo kodi ilifanya kwa hakika ni kumwonyesha hakimu kwamba mji una mapato ya kujisimamia. Oktoba 2014 aliukubali mpango wa Baraza, na Februari 2015 mji ukatoka mahakamani.

Pensheni za wastaafu hazikuguswa. Lakini yale matibabu ya bure waliyoahidiwa, ambayo thamani yake ilihesabiwa kuwa dola milioni 545 hivi, yalifutwa, nao wakapewa dola milioni 5.1 wagawane wote.