Hitilafu ya Umeme, Mpaka Lini?

Taarifa mmeshaisikia, na sentensi yake ya mwisho mnaijua kabla haijasomwa: chanzo cha moto ni hitilafu ya umeme. Nyumba imeteketea, familia imehifadhiwa kwa majirani, na jalada limefungwa kwa maneno matatu. Wiki hiyohiyo tumehimizwa tena tupikie umeme.

Kituo hiki kinaunga mkono nishati safi ya kupikia. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na ni lengo jema. Mama zetu wamevuta moshi vya kutosha. Na umeme wa kupikia upo: Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Hofu yetu si bwawa. Hofu yetu ni waya. Waya uliofukiwa ukutani, ambao haonekani mtu wa kuuliza habari zake.

Umeme ukipita kwenye waya, waya hupata joto. Koili ya jiko inaiva nyekundu kwa sababu hiyo, ila koili imetengenezwa iwake. Waya wa ukutani haukutengenezwa uwake. Na joto hilo haliendi sambamba na mzigo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huzaliwa mara nne, ukiongezeka mara tatu, joto ni mara tisa.

Tupige hesabu ya chumba kimoja cha kupanga. Umeme wetu ni volti 230. Taa ya wati 9 waya hauihisi. Jiko la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Weka birika la wati 2,000, weka na pasi ya wati 1,000, vyote kwenye ekstensheni moja: karibu ampea 22. Ekstensheni yenyewe imeandikwa 13. Na soketi iliyoibeba imevutwa kutoka kwenye waya wa taa, ule wa milimita za mraba 1.5, kwa kuwa wa 2.5 ulionekana ghali. Plastiki ya nyaya hizi kwa kawaida imepimwa kuhimili nyuzi joto 70. Ikizidishiwa siku hadi siku hulainika, hukakamaa, hupasuka, nyaya zikagusana. Shoti. Kesho tutaambiwa: hitilafu ya umeme.

Hapana. Umeme umefuata kanuni yake ileile ya siku zote. Hitilafu ilikuwa dukani, ulikouzwa waya mwembamba kuliko ulivyoandikwa, alumini iliyopakwa shaba juu. Hitilafu ilikuwa kwenye kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Kiungo kikilegea, joto hujikusanya hapohapo. Hitilafu ilikuwa kwa aliyechoshwa na breka inayokata kila jioni, akafunga kubwa zaidi badala ya kupunguza mzigo. Breka ilikuwa inamwambia waya umeelemewa. Hakutaka kusikia.

Kwa hiyo tunasema, na tutarudia kusema: tupewe majina ya hitilafu hizi. Waya ulikuwa wa milimita za mraba ngapi? Nani aliufunga, ana leseni ya EWURA au hana? Uliuzwa na nani? Shirika la Viwango liingie madukani na kipimo mkononi. Wenye nyumba, mnapokusanya kodi ya vyumba sita kwenye mita moja, jueni mna majiko sita kwenye nyaya zilizowekwa kwa ajili ya taa. Fumueni! Wekeni laini ya jiko peke yake, na breka yake. Mafundi, kataeni kazi ya waya mwembamba, hata mteja akinuna!

Na wewe uliye jikoni sasa hivi: zima soketi ya jiko, chomoa plagi, ishike plastiki yake. Kama ina moto, au imeanza kuwa ya kahawia, usiirudishe ukutani mpaka fundi mwenye leseni aje aifungue soketi hiyo na aufuate waya wake mpaka kwenye breka.